Wali wa Maziwa Ndani ya Kapu

Mama mmoja wa milimani alikuwa na binti mmoja na kapu moja la kupikia, na kwa muda mrefu alikosea kwa vyote viwili kosa lile lile.

Jina lake lilikuwa Syabumi, lakini watu walimwita Mama Atuganile kwa jina la huyo binti. Alikuwa mjane. Aliishi katika ile nchi ya juu ambako mwezi wa sita ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi, kuni zinalowa hata zikiwekwa darini, na mwanamke akitaka kupika chakula cha saa nyingi atalia kwa moshi kabla chakula hakijafikiria kuiva. Ndiyo maana bibi shamba alipanda mlima siku moja, akawakusanya akina mama, akawafundisha kapu.

Kapu lenyewe si jambo la ajabu. Ni kapu kubwa la kufuma, lenye mdomo mpana. Ndani linatandikwa majani makavu ya migomba, juu ya majani blanketi kuukuu, na katikati linaachwa shimo la kutosha sufuria. Sufuria inachemshwa kwanza kwenye moto wa kweli, ichemke hasa, kisha inafunikwa, inatumbukizwa shimoni, na juu yake unawekwa mto mnene uliojazwa matambara. Basi. Hakuna moto tena. Chakula kinaiva chenyewe polepole kwa lile joto kililoingia nalo. Bibi shamba alirudia neno moja mpaka akina mama wakaanza kukonyezana: msifunue. Joto lililomo ni hilo hilo, hakuna pa kuliongeza. Ukifunua ili uone kama kumeiva, umeshalifungulia mlango liende zake.

Lakini kijiji kile kilikuwa na desturi yake, tena desturi njema, sitaki mtu aondoke hapa akisema nimeidharau. Zamani, katika mwaka wa njaa, kuna nyumba ilificha sufuria mgeni alipoingia, na mgeni yule akafia njiani kabla hajafika kwao. Tangu hapo wakakubaliana kwamba mtu akiingia nyumbani mwako, kabla hujamwonyesha pa kukaa, unafunua kilicho jikoni akakiona. Si lazima ale. Akione tu, ajue kwamba nyumba hii haina uchoyo. Sufuria iliyofunikwa mbele ya mgeni ikawa tusi kubwa kuliko kumnyima maji. Basi waambie watu wa namna hiyo wasifunue! Walimpigia bibi shamba makofi, wakayachukua makapu, wakapika, wakafunua kwa kila aliyepita, wakala vyakula vibichi wiki mbili nzima, kisha wakasema kapu ni uongo wa watu wa mjini. Mwaka ulipokwisha, karibu makapu yote yalikuwa yanatagiwa na kuku.

Mama Atuganile peke yake hakulitupa la kwake. Alipikia maharage tu, kwa kuwa maharage yana moyo wa uvumilivu: yakipoa unayarudisha motoni, yanasamehe. Alifunua kama wenzake, alirudisha motoni, alifunua tena, na hakuona tatizo.

Ndipo Atuganile aliporudi.

Alikuwa ameolewa mbali, miaka sita, huko upande wa mpakani. Alifika siku ya Jumatano, mvua nyembamba inanyesha, ameshika mkoba mmoja ambao hata haukujaa. Alimsalimia mama yake vizuri. Alikunywa chai. Akaomba kulala katika kile chumba cha nyuma alichokulia, akalala siku mbili. Hakusema kilichomrudisha. Usoni hakuwa na alama, na machozi hakuwa nayo, na hilo la pili ndilo lililomtisha mama yake kuliko yote.

Mama alimpenda mtoto huyu, jamani. Tusije tukamhukumu haraka. Alimpenda hata usiku aliamka kusikiliza kama anapumua, mtu mzima wa miaka ishirini na minane. Na kwa kuwa alimpenda, alimwuliza. Alimwuliza asubuhi akimpa uji, akamwuliza mchana, akamwuliza kwa kuzunguka, kwa kuimba, kwa kunyamaza kule ambako nako ni kuuliza. Na watu walipoanza kuja, maana habari za mtu aliyerudi kwao na mkoba mmoja hazihitaji mtu wa kuzipeleka, mama alifanya kama alivyolelewa. Alifunua sufuria, kisha akageukia chumba cha nyuma, akaita, "Atu, mwanangu, njoo uwasalimie wageni."

Na Atuganile alikuja. Alipiga magoti, akasalimia, akakaa kwenye kigoda, akaulizwa. Amekufukuza? Amekupiga? Ni habari ya watoto? Au ni wewe, mwanangu, ulimi wako? Walimwuliza kwa upole na kwa kumpapasa mgongo, na wengine walilia kidogo kwa niaba yake. Atuganile alimjibu kila mmoja, "Nimekuja kupumzika tu, mama." Siku ya tano akawa anajibu, "Nimepumzika." Siku ya saba aliitikia kwa kichwa. Siku ya nane, ambayo pia ilikuwa Jumatano, aliingia jikoni wakiwa wawili tu, akasema bila hasira yoyote, "Mama, Jumamosi naondoka na gari la asubuhi."

"Unarudi kwa mumeo?"

"Hapana."

"Unakwenda wapi sasa, mwanangu?"

"Popote pasipokuwa na hodi."

Mama aliweka mwiko chini. Alikuwa na mdogo wake wa kike aliyeondoka kijijini hivyo hivyo, kwa sauti ya chini kama hiyo, na mpaka leo hawajui hata kama alizikwa au yuko hai. Alijua mtu anayeondoka kwa kelele hurudi. Anayeondoka kwa adabu namna ile, amekwisha kuondoka zamani, ni miguu tu inayofuata. Zilibaki siku mbili.

Kama mama wengi, hakujua kufikiri akiwa amekaa. Alifikiri kwa mikono. Akakumbuka kwamba mtoto huyu alipougua surua, alipokataa uji, akakataa supu, akakataa hata maji, kitu kimoja tu ndicho alichokubali: wali wa maziwa. Basi Alhamisi aliupika. Alichambua mchele wa Kyela, ule wenye harufu, akauchemsha kwanza na maji kidogo, akamimina maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, akatia sukari, akaponda iliki, akakatia ndizi mbivu mbili ambazo maganda yake yameshakuwa meusi. Ulipochemka akaufunika, akautia kapuni saa tatu asubuhi. Saa saba utakuwa umeiva. Maziwa hayataungua, mchele utalainika hadi ndani, ndizi itayeyuka. Alikuwa na furaha ya ajabu, akajisemea kwamba tumbo likipata joto, ulimi nao utalegea.

Jirani alipita saa nne. Mama akamfunulia. Saa tano walikuja wawili wa kwaya, akawafunulia, na Atuganile akaitwa. Saa sita akaja mzee aliyekuwa anatafuta mbuzi wake, na huyo hata hakutaka kuona kitu, lakini akafunuliwa. Saa saba mama alipakua. Maziwa yalikuwa vuguvugu na mepesi, yametengana na mchele, na kila punje ya wali ilikuwa na mfupa ndani. Atuganile alikula vijiko viwili kwa heshima. Akaweka bakuli chini taratibu, akasema, "Asante, mama," akarudi chumbani.

Mama alionja. Kwanza aliulaumu mchele. Akamlaumu ng'ombe. Akalilaumu kapu, akasema wenzake walikuwa na akili kulifanya kiota. Kisha akatia mkono katikati ya lile blanketi, mahali ambapo palipaswa kuwa na moto, akakuta pamepoa kama kitanda ambacho hakikulaliwa. Mkono ukabaki pale. Akahesabu mara alizofunua sufuria tangu asubuhi, zikawa tatu, na ya nne alipopakua. Ndipo, bila kutaka, akili yake ikaendelea na hesabu nyingine. Akaanza kuhesabu mara alizoita jina la Atu kuelekea kile chumba cha nyuma tangu ile Jumatano ya kwanza. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, vya wa pili vikaisha, akaanza upya. Alilia hapo hapo, amepiga magoti mbele ya kapu, ameshika mfuniko mkononi. Alikuwa amemtia mtoto wake ndani ya nyumba ili apate joto, kisha yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anamtoa nje kwenye baridi, kila saa, ili watu waone.

Ijumaa aliamka kabla ya ng'ombe. Alitafuta kuni kavu, akazipata chini kabisa ya rundo, akawasha moto mkubwa, maana alikuwa ameelewa na hili pia: ukitaka kufunika kitu ukiache, lazima kwanza kiwe kimepata moto wa kutosha. Sufuria iliyotiwa kapuni ikiwa baridi haijatunzwa, imetupwa. Akapika upya, mchele na maziwa na iliki na ndizi. Akaacha uchemke mpaka mfuniko ukaanza kucheza. Alimpelekea Atuganile maji ya moto ya kuoga, akamwekea na shuka lililokaushwa karibu na jiko, na safari hii hakumwuliza hata amelalaje. Akaitia sufuria kapuni, akaweka mto, juu ya mto akaongeza koti zito la marehemu mumewe. Kisha akabeba kigoda na ungo wa maharage mabichi, akatoka, akavuta mlango nyuma yake, akakaa mbele ya mlango, chini ya ukingo wa paa, mvua ikimdondokea goti moja. Akaanza kumenya maharage.

Jirani wa kwanza aliona mlango umefungwa, akasalimia kwa mbali, akapita akiwa amegeuza shingo. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuja saa tano, nalo lilikuwa wifi yake, Tusekile, dada wa marehemu, mwenye kauli katika ukoo na katika kikundi cha akina mama kanisani. Alikuja na wenzake wawili, wanaimba kutoka barabarani, wamebeba mkungu wa ndizi. Hawakuja kwa ubaya. Wapo wanaokuja kwa ubaya, na hao ni rahisi kuwafungia. Tusekile alikuwa amembeba Atuganile mgongoni alipokuwa mtoto.

"Hodi hapa, wifi."

"Karibuni," alisema Mama Atuganile, akasimama. Lakini hakutoka mlangoni.

Wimbo ukaisha. Tusekile alitazama mlango, akamtazama wifi yake, akatabasamu kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo dogo. "Kumepikwa?"

"Kumepikwa."

"Basi tuone, tukae. Baridi hii."

Mama Atuganile alikuwa na umri wa miaka hamsini na nne, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumkatalia mgeni. Maharage yakamwagika kidogo kutoka kwenye ungo. "Nitawaletea vigoda hapa hapa," alisema, "na chai nitawaletea. Ndani hatuingii."

"Tangu lini nyumba ya kaka yangu ina siri?"

"Tangu leo, wifi. Sufuria imo ndani, na mwanangu yumo ndani, na leo sifunui."

Hakuna aliyekaa. Tusekile aliuweka ule mkungu wa ndizi chini kwenye matope, polepole, akageuka, na wenzake wakamfuata. Mama aliwatazama wakishuka bila kuimba, na aliogopa kwelikweli. Alijua kabla ya saa nane kijiji kizima kitasema Mama Atuganile amekuwa mchoyo. Alijiuliza nani atakuja kumsaidia kuvuna, na siku ikifika, nani atakuja kumzika. Alitaka kuwakimbilia. Alikaa.

Na bado mgeni msumbufu kuliko wote hakuwa amefika. Saa sita na nusu aliinuka, na mgeni huyo alikuwa yeye mwenyewe. Akaingia jikoni kwa kunyata, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akasimama juu ya kapu. Kapu lile halisemi kitu. Sufuria ya motoni inalia, inanukia, inakupa moyo. Kapu halitoi harufu, halitoi mvuke, limekaa tu kama kitu kilichokufa, na mtu hana njia ya kujua isipokuwa kuamini au kufunua. Alishika koti la mumewe. Alitaka kuona kidogo tu. Si alikuwa amevumilia asubuhi nzima? Si yeye ndiye aliyepika? Kutoka chumba cha nyuma alisikia kitanda kikilia, mtoto anajigeuza, na mdomo wake ukafunguka kumwita. Akaufunga. Akaondoa mkono kwenye koti, akarudi nje kwenye maharage yake, na kwa kweli naona hayo ndiyo yaliyokuwa magumu kuliko yote aliyoyafanya siku ile.

Saa saba ilipita. Akaiacha ipite. Karibu na saa nane alisikia mlango ukifunguliwa nyuma yake. Atuganile alikuwa amesimama pale, kajifunga lile shuka mabegani. Alikuwa amesikia kila neno, maana kuta za nyumba zetu mnazijua. Hakuyataja. Alisema, "Mama, nina njaa. Bado tu?"

Tangu arudi hakuwa ameomba kitu.

"Sijui," mama alisema. "Sijafunua. Kafunue mwenyewe."

Atuganile alipiga magoti mbele ya kapu. Akaondoa koti la baba yake, akaondoa mto, akashika mfuniko kwa pindo la shuka, akaufunua. Mvuke ulimpiga usoni akarudi nyuma, na iliki ikajaa nyumba nzima. Wali ulikuwa umelainika hadi ndani, maziwa yamekuwa mazito, ndizi haikuonekana tena ila katika utamu. Walikula kwenye sufuria, kila mtu na kijiko chake, vichwa karibu kugusana. Mama hakuuliza. Maswali yalimjaa mdomoni akayameza pamoja na wali. Alizungumza habari za ng'ombe, kwamba mguu wake wa nyuma umepona. Atuganile alikula mpaka akakwangua pembeni. Kisha akaweka kijiko chini, akaegemea ukuta, akaanza kusema.

Alisema kwa muda mrefu. Kuna mahali alilia, na mahali pengine, msishangae, alicheka. Mama yake alimenya maharage yale yote na hakuinua macho isipokuwa alipoguswa mkono.

Jumamosi gari la asubuhi lilipiga honi chini barabarani, likangoja kidogo, likaondoka. Atuganile alikuwa amelala, na alilala mpaka jua likapanda. Mchana alioga, akavaa vizuri, akachukua bakuli la wali wa maziwa uliopikwa upya asubuhi ile, akashuka nalo mwenyewe kwa shangazi yake Tusekile bila kuitwa na mtu. Walikaa pamoja hadi jioni. Jumapili Tusekile alipita kwa wifi yake, akapiga hodi, akakaribishwa ndani, na kabla mwenyeji hajainuka kwenda jikoni, alimshika mkono, akamwambia waketi tu. Atuganile alikaa kwa mama yake hadi baridi ilipokwisha, na alipoondoka baadaye, aliondoka akiwa na mahali pa kwenda na siku ya kurudi.

Naona shingo zenu zimenyooka. Mnangoja niseme ni nini kilichomrudisha kwao, alimwambia nini mama yake mchana ule. Sijui, kwa sababu sikuuliza. Lakini ninyi mnaotaka kujua, niambieni kweli mbele za Mungu: kama mngeambiwa, mngeubeba mzigo huo pamoja naye, au mngeutazama tu, mkaenda zenu?